Mzazi Naye Aingie Majini

 Makala ya leo yanaangazia nafasi ya kuogelea na michezo katika maisha ya familia, hususan familia za Waswahili zinazoishi Uingereza.

Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wapo wazee wengi waliozaliwa Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa ambao walikua wakisikia mawimbi usiku na mchana, ilhali hawakupata kujifunza kuogelea. Kwa wanawake hasa, bahari ilikuwa ya kutazamwa. Wenyewe walikuwa wavuvi na mabaharia. Hofu hiyo huvuka nayo mipaka, na mtoto aliyezaliwa London au Birmingham huirithi bila ya kuambiwa neno.

Hofu ya maji haikosi sababu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na takriban robo yao walikuwa watoto walio chini ya umri wa miaka 5. Hata hivyo, dawa ya hatari hiyo si kumweka mtoto mbali na maji maisha yake yote. Miongoni mwa hatua zinazopendekezwa na shirika hilo ni kuwafundisha watoto wa umri wa kwenda shule stadi za msingi za kuogelea.

Nchini England, mtaala wa taifa unataka kila mtoto anapomaliza shule ya msingi aweze kuogelea angalau mita 25 na ajue namna ya kujiokoa. Lakini masomo machache ya shule hayamtoshi kila mtoto. Anayeingia bwawani na wenzake tu, kisha akarudi nyumbani ambako maji hayatajwi ila kwa kukatazwa, huona kuogelea kuwa mtihani. Anayekwenda na wazazi wake siku ya mapumziko huona ni starehe, na jambo linalopendwa hujifunzwa upesi.

Wataalamu hushauri kuanza kwa mchezo katika maji ya kina kifupi: kupuliza mapovu, kurusha maji kwa miguu, kuelea chali huku mkono wa mzazi ukiwa karibu. Mtoto asisukumwe majini kwa nguvu, wala asilinganishwe na ndugu yake aliyetangulia kujua. Na mzazi asiyejua kuogelea asione haya kujifunza. Mabwawa mengi yana mafunzo ya watu wazima, na baadhi yana saa maalumu za wanawake.

Suala la mavazi nalo lisiwe kizuizi. Kijijini Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayositiri mwili mzima. Heshima na maji vimekaa pamoja bila ya ugomvi.

Pamoja na hayo, kujua kuogelea hakuondoi haja ya uangalizi. Mtu anayewatazama watoto wadogo wakiwa majini asishughulike na simu wala mazungumzo, kwani mtoto anaweza kuzama kimya kimya, kwa muda mfupi. Maboya ya kuchezea si vifaa vya uokozi.

Siku ambazo bwawa haliwezekani, michezo mingine ipo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayochangamsha moyo. Baiskeli, kandanda bustanini au kuruka kamba hutosha. Hata nyanya anaweza kuwafundisha wajukuu mchezo wa rede kama alivyoucheza utotoni. Wao watapata jasho, naye atapata wa kumsikiliza.

Wapenzi wasikilizaji, si kila mtoto atakuwa bingwa, wala hilo silo lengo. Lengo ni mtoto mwenye afya, asiyeyaogopa maji wala kuyadharau, na anayekumbuka kwamba wazazi wake walikuwa pamoja naye. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Basi na yaogwe na familia nzima.