Andikeni Saa

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Saza)



Katibu aliniomba niseme juu ya kazi yangu serikalini. Kazi ya mezani haina utamu wa kusimulia, lakini kuna faili moja linalowahusu: la wananchi wanaoomba kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, au kifuta machozi kwa ndugu aliyeuawa. Fomu ninazoziona hueleza vizuri nani alikufa na katika kijiji gani. Saa ya tukio mara nyingi haimo, au imeandikwa "usiku" tu. Nataka kuwaonyesha kwamba hilo ni pengo kubwa.

Wazee wetu wanazo habari za simba wa Njombe, waliokula watu tangu miaka ya 1930 hadi 1947. Vitabu hutaja watu wapatao 1,500. Mimi naona hesabu hiyo ipokelewe kwa tahadhari. Aliyepelekwa kuwawinda ni George Rushby, bwana nyama ambaye kabla ya hapo alichimba dhahabu huku kwetu Lupa. Alieleza kwamba simba wale waliua zaidi mchana, kisha wakatumia usiku kuhamia kijiji kingine. Yaani walikuwa wamegeuza desturi ya simba ili wamkute mtu kazini kwake. Lakini wananchi wengi waliamini wametumwa na mchawi, wakaogopa hata kuwataja. Ukimya huo ulimsaidia simba. Asiyetajwa hafuatiliwi.

Uchunguzi wa kitaalamu ulikuja baadaye. Mwaka 2005 Craig Packer wa Marekani pamoja na Watanzania wenzetu, akina Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walitoa matokeo yao: tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Waligundua kwamba hatari ilizidi pale ambapo wanyama wa kawaida wa simba wamekwisha lakini nguruwe pori ni wengi, na ilizidi wakati wa mavuno. Maelezo yake ni mepesi kwa mtu yeyote aliyelimia karibu na pori. Nguruwe huja shambani usiku kula mahindi. Mkulima hulala kwenye dungu kulinda. Simba humfuata nguruwe, akamkuta mkulima. Hapo hakuna uchawi wowote, ndugu zangu, kuna nguruwe.

Mwaka 2011 wataalamu hao walirudi na jambo ambalo mimi huliona la ajabu zaidi. Walilinganisha mashambulio na mwandamo wa mwezi. Mengi yalitokea kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku, tena zile siku 10 zinazofuata mwezi mpevu zilikuwa mbaya mara 2 hadi 4 kuliko siku 10 zinazoutangulia. Vijana wa jiografia mnaweza kuwaeleza wazazi wenu sababu. Kabla ya mwezi mpevu, jua likizama mwezi tayari uko juu, kwa hiyo jioni ina mwanga. Baada yake mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika kama 50 kila siku, na ile jioni ambayo watu bado wako njiani inakuwa giza tupu. Simba naye ametoka katika siku za mbalamwezi akiwa na njaa, kwa sababu swala walikuwa wakimwona. Ndiyo maana mtu aliyezoea kutembea kwa mbalamwezi huponzwa na mazoea yake.

Msidhani lakini kwamba mnyama huyu hatuogopi. Kule California, Marekani, kuna paka mkubwa aitwaye puma, anayeishi milimani karibu kabisa na miji. Wataalamu walimfunga mkanda shingoni wenye chombo cha kuonyesha alipo. Mwaka 2017 wakatoa habari kwamba waliweka vipaza sauti karibu na mizoga yake: akisikia sauti za watu wakizungumza alikimbia mara 83 katika kila 100, na sauti za vyura karibu hazikumshtua. Tena puma jike wanaoishi karibu na nyumba nyingi huua paa zaidi, maana huacha nyama kabla ya kushiba. Jaribio kama hilo lilifanyika Kruger, Afrika Kusini, likatangazwa mwaka 2023. Wanyama wengi kisimani waliogopa maongezi ya watu kuliko ngurumo ya simba. Basi mnyama anatukwepa kadiri awezavyo, na njia yake ya kutukwepa ni giza. Tunapoingia katika giza hilo kimya kimya, peke yetu, tumeondoa kile kinachomtisha.

Nayasema haya Saza kwa sababu hapa watu hawalali mapema. Wachimbaji wadogo hutoka mashimoni usiku, akina mama wauza chakula huwafuata, na vijana huenda kujisomea wakarudi gizani. Kambi mpya zinasogea porini kila mwaka, na mabaki ya chakula yanayotupwa huita fisi. Mbwa naye humwita chui.

Kwa hiyo nimeleta daftari, nimelikabidhi kwa mwalimu wa baiolojia. Mwanafunzi akiona unyayo, au jirani akipoteza mbuzi, aandike tarehe, mahali, saa, siku ngapi tangu mwezi mpevu, na kama kulikuwa na nguruwe karibu. Mwalimu amekubali kupeleka nakala kwa ofisa wanyamapori wa wilaya kila muhula. Na wale mnaokaa mbali, nawaombeni mtembee kwa makundi mkiongea kwa sauti, hasa katika wiki ile inayofuata mwezi mpevu. Wiki hiyo, nimetazama kalenda, ndimo mtakamokuwa mkijiandaa kwa mitihani.