KUMSWAGA MLALA BARAZANI SI USAFI WA JIJI

Haya ni maneno aliyoyasema mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana waliokusanyika Kariakoo, Dar es Salaam, kuzungumzia usafi wa jiji.

 

Mimi si msomi wa Mlimani. Nimeishia sekondari, nakula kwa kalamu, habari ikichapwa nalipwa, isipochapwa nalala na chai kavu. Kwa hiyo sikuja kuwapigia Kizungu cha semina. Nimekuja kuzungumza juu ya watu ambao kila mmoja wetu anawaruka kwa mguu alfajiri akiwahi kufungua meza yake: wale wanaolala kwenye baraza za maduka, juu ya maboksi, hapa Kariakoo, kule Mnazi Mmoja, Posta na Feri.

Tunawaita majina mengi. Machokoraa, mateja, wahuni, vichaa. Ukiacha majina ukawatazama, utakuta humo kuli aliyebeba magunia mchana kutwa na hana chumba. Utakuta mama aliyefukuzwa na ndugu wa marehemu mumewe. Utakuta mgonjwa aliyeletwa hospitali kutoka mkoani, nauli ya kurudi ikamshinda. Utakuta kijana wa rika lenu aliyeshuka kwenye basi na begi moja, akaibiwa begi siku ya kwanza.

Sasa tujiulize swali ambalo kwenye mikutano ya wakubwa halisemwi kwa sababu eti ni aibu. Mtu huyu anakwenda haja wapi? Anaoga wapi? Anafulia wapi shati lake?

Mtaniambia vyoo vya kulipia vipo. Haya, tupige hesabu ya kabwela. Tuseme choo ni shilingi 300, naye aingie mara tatu kwa siku. Hiyo ni 900. Kuoga tuweke shilingi 500. Jumla 1,400 kwa siku, hajala. Kwa siku 30 ni shilingi 42,000. Fedha hiyo huko uswahilini inakaribia kodi ya chumba! Yaani tunamtaka mtu asiye na kodi ya chumba alipe kodi ya chumba ili ajisaidie. Akishindwa akaenda ukutani, tunampigia kelele kwamba ni mchafu.

Ndugu zangu, uchafu huo haubaki kwake. Kipindupindu hakimwulizi mtu kama ana nyumba au hana. Kinatoka kwenye kinyesi, kinaingia kwenye maji na chakula, kinamkuta machinga, kinamkuta mwenye duka, kinamkuta na kigogo aliyetuma kijana amnunulie matunda. Mlipuko ulioanza hapa Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa Bara hadi Visiwani. Anayedhani choo cha mlala barazani hakimhusu, ajue inzi hana mipaka ya kata.

Dawa ya wakubwa tunaijua. Ukikaribia ugeni mkubwa, karandinga linapita usiku, watu wanaswagwa kama mbuzi, baada ya siku chache wanarudi palepale. Dawa hii si mpya. Wakoloni miaka ya 1940 walikuwa na sheria ya kuwaondoa mjini wale waliowaita wasiotakiwa. Sisi wenyewe, mwaka 1983, tukaja na Nguvu Kazi, watu wakakamatwa mitaani na kupelekwa mashambani. Je, jiji liliisha watu wasio na makazi? Jibu mnalo, mnaliruka kila alfajiri.

Na Kanuni ya Adhabu yetu bado ina vifungu vya uzururaji, vifungu vya 176 na 177, ambavyo ukoo wake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1824. Hao Waingereza wenyewe, mwaka 2022, Bunge lao lilipitisha kifungu cha kuifuta.

Mnaodhani uzururaji ni habari ya mateja tu, sikilizeni kisa cha Malawi. Mwaka 2015 mchuuzi wa mifuko ya plastiki, Mayeso Gwanda, alikamatwa alfajiri akiwa njiani kwenda kwenye biashara yake. Kosa lake? Uzururaji. Machinga kama wewe! Alikwenda Mahakama Kuu, na Januari 2017 mahakama ikakibatilisha kifungu kile kwa kuwa kinavunja Katiba. Kisha, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, inayokaa hapahapa kwetu Arusha, ikatoa maoni kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na kwamba nchi zinawajibika kuzirekebisha au kuzifuta. Haya yamesemwa Arusha, si Ulaya.

Basi tunataka nini badala ya karandinga? Tunataka kituo cha mchana. Sisemi hoteli wala kambi. Nasema jengo la kawaida kwenye kiwanja cha halmashauri, karibu na watu walipo, linalofunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Liwe na vyoo na mabafu, ya wanawake mbali na ya wanaume, na milango inayofungwa kwa ndani. Liwe na karo za kufulia na kamba za kuanikia. Liwe na makabati ya kufuli, maana mtu anayebeba mali yake yote mgongoni hawezi kwenda kuomba kazi. Muuguzi apite siku kadhaa kwa wiki kutazama vidonda, upele, na kikohozi kisichoisha, kwa sababu kifua kikuu kikikaa bila dawa kinagawiwa kwa wote.

Maji? Tupige hesabu tena. Watu 100, kila mmoja ndoo mbili za lita 20, moja ya kuoga na moja ya kufulia. Hizo ni lita 4,000 kwa siku, uniti nne kwenye bili. Tangi moja la lita 5,000 linatosha na kubaki kidogo cha kusafishia. Jiji lenye maghorofa haya haliwezi kusema limeshindwa na tangi moja.

Liko jambo lingine kubwa kuliko maji, nalo ni karatasi. Mtu asiye na makazi hana mwenyekiti wa mtaa anayemtambua. Asipotambuliwa hapati barua. Bila barua, kitambulisho cha Taifa ni ndoto. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hatumiwi hata shilingi elfu, wala tajiri hampigii kumwita kazini. Kituo kiwe na meza moja ya karani, mtu aandikishwe pale, ajulikane. Hapo ndipo mlala barazani anapoanza kuwa raia machoni pa serikali.

Watoto wana habari yao. Hao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazitaka serikali za mitaa ziwalinde, kwa hiyo wasichanganywe na wakubwa. Na isisemwe kwamba haiwezekani. Miaka ya 1990 Dogodogo hapa Dar es Salaam na Kuleana kule Mwanza walifungua milango kwa watoto wa mitaani. Nairobi, Undugu walianza tangu 1973. Kazi hii inajulikana inavyofanywa.

Nasikia mtu pale nyuma anasema, "Mtawavuta wavivu wa nchi nzima." Ndugu yangu, nani anaacha nyumba yake Singida aje kulala juu ya boksi ili apate ndoo ya maji? Mwingine anasema watakuja wezi. Mwizi anapenda kujificha, hapendi mahali penye karani na daftari la majina. Wa tatu anasema fedha hazipo. Dizeli ya karandinga, posho ya mgambo, ugali wa mahabusu, dawa za kipindupindu, hizo fedha huwa zinatoka wapi?

Vijana, tukiishia kupiga makofi tutakuwa tumejiburudisha tu. Ukiitishwa mkutano wa mtaa, nenda, simama, uliza, na jibu liandikwe kwenye muhtasari. Mbaneni diwani awaambie ni kiwanja gani na ni bajeti ya mwaka gani. Fundi bomba, mwashi, mchomeleaji, mko humu. Siku ya kazi ikifika tutawaita. Na tukabe mapema: kituo kisikodishwe kwa mzabuni atakayeweka meza mlangoni na kuanza kudai 300, tukarudi kulekule.

Katiba yetu, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima na kuthaminiwa utu wake. Haikusema kila mwenye nyumba. Heshima hiyo kwa mlala barazani inaanza na ndoo ya maji na mlango unaofungwa.