Jiliwa Kwanza, Roboti Baadaye

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi)



Nimeombwa niseme machache juu ya timu ya roboti ambayo shule inakusudia kuiunda, na juu ya fedha tunazochanga kwa ajili yake. Najua wengi wenu mmekuja na shauri moja: tununue seti kamili ya roboti kutoka ng'ambo, vijana waifungue sanduku, waanze mashindano. Mimi nina shauri jingine, na naomba mnivumilie.

Nitaanza kwa kukiri kosa langu. Nilitoka hapa na alama nzuri za Fizikia, nikasoma uhandisi Chuo Kikuu, nikaajiriwa Serikalini katika kazi za maji. Mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa kijijini kusimamia ufungaji wa pampu. Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Lakini mhimili wa mota na mhimili wa pampu sikuuweka katika mstari mmoja, kwa kuwa sikujua kuupima kwa mkono. Siku ya nne beringi ikavunjika, na kina mama wakarudi mtoni na ndoo zao kwa muda wa wiki mbili. Aliyeniokoa ni fundi mzee aliyeishia darasa la saba. Alitumia rula ya chuma na vipande vya bati alivyovipachika chini ya mota, akazungusha mhimili kwa vidole, akasema, "Sasa washa, mwanangu." Aibu ile sijaisahau.

Tazameni sasa jinsi roboti inavyofanana na pampu ile. Kijana akitoboa bamba mbili za kushikilia ekseli, na matundu yasikutane sawasawa, ekseli hubana. Ekseli ikibana, mota huvuta umeme mwingi kuliko kawaida. Umeme ukivutwa hivyo, volti za betri hushuka, na kompyuta ndogo inayoongoza roboti huzimika katikati ya mchezo. Timu nzima itamgeukia aliyeandika programu na kumlaumu, kumbe kosa lilifanyika mwezi uliopita, kwenye kekee. Na katika FIRST Tech Challenge mchezo una sekunde 30 za roboti kujiendesha yenyewe, na dakika 2 za kuendeshwa na wanafunzi. Hapo hakuna nafasi ya kwenda kutafuta kosa.

Wenzetu walioanzisha mambo haya walilijua jambo hilo. Chama cha FIRST kilianzishwa Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, na mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja mjini Manchester, New Hampshire, kwa timu 28. Aliyeshirikiana naye, Profesa Woodie Flowers wa MIT, alikuwa tangu miaka ya 1970 akiwapa wanafunzi wake mafurushi ya vitu vya kawaida ili kila mmoja ajitengenezee mashine yake na kuishindanisha na za wenzake. Hata hapa kwetu, andiko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 lilitaka masomo na kazi viende pamoja.

Kwa hiyo nashauri kila kijana anayetaka kuingia katika timu apitie kwanza karakana kwa Jumamosi nne.

Jumamosi ya kwanza, kupima na kukata. Kila mmoja apewe kipande cha alumini akifanye mraba wa milimita 100, asizidishe wala kupunguza zaidi ya nusu milimita. Ajifunze kwamba meno ya msumeno wa chuma hutazama mbele, na kwamba tupa hula inaposukumwa, si inapovutwa.

Ya pili, kutoboa. Alama ipigwe kwanza kwa chuma chenye ncha, ili kekee isiteleze. Bamba libanwe kwenye jiliwa, lisishikwe kwa mkono hata mara moja, maana kekee ikilikamata hulizungusha kama kisu. Miwani ya kukinga macho ivaliwe; glavu na mikono mirefu ya shati iwe mbali. Mtihani ni mmoja tu: ekseli izunguke kwa kidole.

Ya tatu, nyaya, lehemu na fyuzi. Kila kiungo kivutwe kwa mkono kabla ya kuaminiwa.

Ya nne, mwalimu aharibu kitu kwa siri, na vijana wakitafute na kukitengeneza kwa muda uliopangwa. Kila mmoja awe na daftari la kuandika alichofanya na kilichomshinda.

Ninyi wadogo zangu, sikilizeni hili vizuri. Timu isichaguliwe kwa alama za Hisabati peke yake. Yule wa nyuma ya darasa ambaye hurekebisha baiskeli za wenzake naye aje. Na yule wa kwanza darasani asione haya kushika tupa. Mimi niliona haya, na waliolipa ni watu wa kijiji kile.

Ndugu Mwenyekiti, asubuhi nilipita karakana yetu. Jengo ni zima, lakini majiliwa yaliyobaki ni manne, na tupa zimekwisha meno. Naomba mkutano ukubali kwamba fedha za mwaka huu zinunue majiliwa, tupa, kekee moja ya kusimama, na miwani. Seti ya roboti tuinunue mwakani. Najua hili litatuchelewesha mashindano ya mwaka mmoja, na wapo wa Kidato cha Nne watakaoondoka bila kushindana. Nawaomba radhi vijana hao, na nawakaribisha waje karakana Jumamosi kama wengine. Seti huchakaa, lakini mkono uliofundishwa huondoka na mwenyewe.

Mimi nitakuja Jumamosi zote nne, nikiwa na rula yangu ya chuma.