Nanga Juu ya Mabaki ya Meli

Mei 21, 1996, meli ya abiria MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba. Mamia walikufa, wengi walizikwa Igoma, wengine hawakuopolewa. Meli hiyo ni kaburi, na kaburi halitiwi nanga.

Nanga ikitua juu ya chuma kilicholiwa na kutu, hutoboa. Upepo ukiisukuma boti ya wazamiaji, mnyororo hukwaruza na kung'oa vipande.

Zanzibar pia ina mabaki ya HMS Pegasus, manowari ya Waingereza iliyoshambuliwa na manowari Königsberg ya Wajerumani mwaka 1914; nayo yanahitaji kulindwa hivyo hivyo.

Kinga ipo: boya la kudumu lililofungwa kwenye zege, kando ya mabaki, boti ifunge kamba hapo. Pasipo boya, nahodha asishushe nanga. Abaki macho, akifuata mapovu ya wazamiaji kwa mbali.