Binti Yetu Ataka Kusomea Haki Jinai kwa Intaneti: Tumkopeshe?

(Mazungumzo mbele ya vikundi vya kujisaidia, Kizingitini, Lamu Mashariki)



Nimeitwa kwa sababu kikundi kimoja hapa kinadaiwa jibu. Binti yao, mwalimu mwenye shahada ya kwanza, ameomba mkopo aanze shahada ya uzamili ya haki jinai. Atasoma kwa intaneti huku akiendelea kufundisha. Wanakikundi wamegawanyika. Mzee mmoja aliuliza, "Akimaliza atakuwa polisi?" Watu wakacheka, lakini swali lile ni zuri. Hela ni za kikundi, lazima mjue mnakopesha nini.

Haki jinai ni safari yote ya kosa: kushikwa, kituo cha polisi, mahakama, jela au kifungo cha nje, mpaka siku mtu anaporudi kijijini na yule aliyemuibia anakutana naye tena njiani. Mwanafunzi husoma kwa nini watu huingia makosani, vyombo hivi vinafanyaje kazi, na aliyeumizwa anasaidiwa vipi. Lakini hatakuwa wakili. Nalisema kwa sauti maana wengi hudhani hivyo. Uwakili hapa Kenya unataka shahada ya sheria, kisha mafunzo katika Chuo cha Sheria cha Kenya na mtihani wake. Anayetaka kuwatetea watu mahakamani asianzie hapa.

Basi sisi tunapata nini? Mwaka 1998 Kenya ilipitisha sheria ya huduma kwa jamii. Mtu ambaye angefungwa miaka 3 au chini yake, mahakama yaweza kumpa kazi ya umma bila malipo badala ya jela. Kijana aliyeiba nyavu anaweza kupanda mikoko au kukarabati madawati ya shule, jioni akalala kwao, kuliko kupelekwa jela ya Hindi akakae na wezi wakubwa kuliko yeye. Ila kazi hiyo yataka mahali pa kufanyiwa na mtu wa kuisimamia. Je, ni kikundi gani hapa kimewahi kumwendea afisa wa probesheni kikasema, sisi tunayo kazi, tuleteeni? Mimi sijasikia hata kimoja.

Tena iko Katiba ya 2010, kifungu cha 49. Aliyeshikwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeisha wakati mahakama imefungwa. Kwa mtu wa bara huo ni mwendo wa gari. Kwetu kuna bahari katikati, na kusi likivuma mnajua wenyewe. Shahidi naye, kesi ikiwa Amu, hulipa boti kwenda, akaambiwa kesi imeahirishwa, akalipa boti kurudi. Mara ya tatu haendi tena, na kesi inakufa. Nani ataandika haya kwa ushahidi, ili wakubwa wayasome? Mtaalamu wa Nairobi atakaa siku mbili aondoke. Binti yenu anaweza kuyafanya ndiyo utafiti wake wa mwisho. Achukue kwanza kibali cha utafiti cha NACOSTI, na siri za watu azifunge kifuani, maana kisiwa hiki ni kidogo.

Kuna wanaosema kusoma bila kukaa darasani ni mchezo. Hapana. Chuo Kikuu cha London kinatoa shahada kwa wanaosoma mbali tangu 1858. UNISA ya Afrika Kusini ilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na Nelson Mandela alipata kwao shahada ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Jirani zetu Uganda, Susan Kigula alisoma sheria ya London ndani ya gereza la Luzira, akatoka mwaka 2016. Wale hawakuwa hata na simu mfukoni.

Mchezo uko kwa matapeli. Anayeuza shahada ya miezi michache bila mtihani, mkimbieni. Chuo kikiwa cha Kenya, binti aulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama kozi hiyo imeidhinishwa. Kikiwa cha nje, apate jibu kwa maandishi kwamba shahada yake itatambuliwa hapa, na alipate kabla ya kulipa hata shilingi. Aulize pia HELB kuhusu mikopo ya uzamili, kikundi kisibebe mzigo wote.

Nikiulizwa mimi, nitasema mkopesheni, lakini msimpe karo yote kwa mpigo. Lipeni somo moja. Akileta matokeo, lipeni la pili. Hesabuni pia bando za intaneti, maana hizo husahaulika, na mtandao ukilala siku ya kukabidhi kazi itabidi apande boti aende Amu. Na nyumbani wampunguzie kazi za jioni. Kwa mwanamke mwenye watoto, hapo ndipo masomo hukatikia, wala si kwenye karo.

Kikundi kikutane Jumamosi, binti mwenyewe awepo, aje na barua ya chuo na orodha ya gharama. Haya, nisikie maswali. Mama pale mbele ameinua mkono tangu kitambo.