Mashine ya Boti Yetu
(Hotuba ya Mwenyekiti)



Tunaulizwa sana: hela za hisa tumezitupa baharini? Hapana. Tumenunua mashine ya kuonyesha samaki, na inafanya kazi. Inapiga sauti kwenda chini. Sauti ikigonga mwamba au samaki inarudi, mashine inapima kina. Majini sauti huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, basi jibu huja papo hapo.

Fundi alikifunga kile kidude cha sauti karibu na panga la injini. Mapovu yakajaa kwenye kioo, manahodha wakatucheka eti akina mama wameuziwa televisheni! Tulizuia malipo yake yaliyobaki mpaka akakihamisha mbali na panga, mahali kinapobaki ndani ya maji boti ikienda. Picha ikatulia.

Boti ikitembea, samaki huonekana kama upinde mdogo. Ukitia nanga, samaki akituama chini yako huchora mstari mrefu, usidhani ni papa. Wala mashine haisemi huyu changu, huyu kolekole. Hiyo bado kazi ya nahodha, na tumheshimu.

Sasa wapo wenzetu wanaotaka iuzwe tugawane. Sisi wa kamati tunasema hapana, mpaka mkopo wake uishe. Daftari liko kwa mhazini, kila safari imeandikwa, mafuta na mauzo. Kabla ya kura ya Jumamosi njooni mlisome. Asiyejua kusoma tutamsomea.