Mkataba wa Kiingereza na Mashine ya Kutafsiri



Karatasi za Kiingereza hazikomi kufika katika vyama vya msingi: mkataba wa mkopo, barua ya mnunuzi wa pamba, maelezo ya dawa ya wadudu. Zamani katibu alimngoja mwalimu wa sekondari amsomee. Siku hizi anayo simu. Google Translate, iliyoanza mwaka 2006 na kuongezewa Kiswahili mwaka 2009, hutafsiri bila malipo ila gharama ya intaneti. Hata kamera ikielekezwa kwenye karatasi, maandishi husomwa. Microsoft nayo inayo ya kwake. Msaada huo si mdogo, na katibu asione haya kuutumia.

Lakini mashine haijui chama kina deni gani. Imelishwa maandishi mengi mno, nayo hukisia maneno yanayoelekea kufaa. Neno "security" katika habari za polisi ni usalama. Katika mkataba wa mkopo ni dhamana, yaani mali itakayochukuliwa deni lisipolipwa. Wanachama wakisomewa kwamba chama "kitatoa usalama" watapiga makofi, kumbe wameweka ghala lao rehani.

Wako wanaoshauri tafsiri irudishwe katika Kiingereza ili ipimwe. Njia hiyo hufichua makosa kadhaa, kama vile neno la kukataza lililodondoka. Kosa la dhamana hailifichui: "usalama" ukirudishwa hutoka "security" ile ile, na karatasi mbili huonekana kulingana kabisa.

Katika pamba hatari ni kubwa zaidi. Mnunuzi wa nje hutaja bei ya "lint", yaani pamba nyuzi iliyokwisha kuchambuliwa. Mkulima wa Kishapu huleta pamba mbegu, na zahitajika kilo tatu hivi za pamba hiyo kupata kilo moja ya nyuzi. Tafsiri ikisema "pamba" tu, mkutano mkuu utadai bei ambayo hakuna aliyeiahidi, na katibu ataitwa mwizi. Wachimbaji wadogo wa Geita nao wakumbuke kwamba wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, na wakia ya kawaida ni gramu 28.35, mashine huziita zote wakia.

Basi simu itumike kujua karatasi yahusu nini. Kila neno linalogusa fedha, dhamana, uzito au tarehe lipigiwe mstari, na maana yake iulizwe kwa afisa ushirika au mwanasheria kabla ya sahihi. Orodha ya wanachama na akaunti zao isiingizwe kamwe, kwani maandishi hayo huweza kupelekwa kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali. Wazee wanaotaka kusikia kwa Kisukuma wasomewe na mjumbe anayekijua.

Tena bodi inayo haki ya kumwomba mkopeshaji nakala ya Kiswahili, pamoja na kifungu kinachotaja ni nakala ipi itakayofuatwa endapo zitatofautiana.